Nyuso Mbili za Bach: Kisa cha Picha ya Haussmann na Nakala Zake

Jijini Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, zipo picha mbili za rangi za mafuta zinazomwonyesha mtu yule yule, zilizochorwa na mchoraji yule yule, kwa mkao ule ule. Moja ina mwaka 1746, nayo imo katika makumbusho ya historia ya jiji, ndani ya jengo la zamani la halmashauri. Nyingine ina mwaka 1748 na inatunzwa na taasisi ya Bach-Archiv katika nyumba iitwayo Bosehaus, mkabala na kanisa la Mtakatifu Thomas. Mtu anayeonekana ni mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685 na kufariki Leipzig tarehe 28 Julai 1750. Mchoraji ni Elias Gottlob Haussmann. Picha nyingine kadhaa zimewahi kudaiwa kuwa za Bach, na kila moja ina watetezi wake na wapinzani wake. Ni hizi mbili tu ambazo wachunguzi wamezikubali bila ubishi kuwa zilichorwa yeye akiwa hai. Kwa hiyo uso wa Bach tunaoujua, ule wa majalada ya vitabu vya muziki, wa stempu, wa sanamu ndogo zinazowekwa juu ya piano, umetoka hapa.

Swali la kisa hiki ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: anayetaka kumwona Bach aende kwa picha ipi? Mazoea yanatuambia kwamba ya kwanza ndiyo asili, ya pili ni nakala, na asili huishinda nakala daima. Ninaamini kwamba hapa mazoea hayo yanapotosha. Picha iliyotangulia ina heshima ya kutangulia, lakini uso wake umepita katika mikono mingi. Picha iliyofuata, ambayo kwa lugha ya kawaida tungeiita nakala, ndiyo iliyotuhifadhia kazi ya brashi ya Haussmann. Ili kuliona hilo inabidi tufuatilie jinsi picha hizi zilivyozaliwa, na jinsi kila moja ilivyoishi.

Mchoraji na mteja wake

Haussmann alizaliwa mwaka 1695, mtoto wa mchoraji, na akafanya kazi Leipzig kwa miongo mingi hadi kifo chake mwaka 1774. Alikuwa na cheo cha mchoraji wa kasri la Saksonia, lakini riziki yake aliipata kwa kuwachora wakubwa wa mji: madiwani, maprofesa wa chuo kikuu, wafanyabiashara waliotajirika kwa maonyesho makubwa ya biashara ya Leipzig. (Wasomaji wa Kilimanjaro wanalijua jina la mji huu kwa njia nyingine, kwa kuwa wamisionari wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya Leipzig, na miongoni mwa nyimbo za Kilutheri zinazoimbwa huko hadi leo zimo tuni za Kijerumani ambazo Bach mwenyewe alizipangia sauti nne.)

Mchoraji wa namna hiyo hufanya kazi kwa kanuni aliyoizoea. Mteja huonyeshwa kuanzia kiunoni au kifuani kwenda juu, mbele ya giza lisilo na mapambo, na mkononi hushika kitu kinachotaja kazi yake. Miaka kama 20 kabla ya kumchora Bach, Haussmann alikuwa amemchora Gottfried Reiche, kiongozi wa wanamuziki wa mji wa Leipzig na mpiga tarumbeta aliyepigia Bach sehemu nyingi ngumu. Reiche ameshika tarumbeta iliyoviringwa, na karatasi yenye noti inaonekana wazi. Anayeziweka picha za Reiche na Bach pamoja ataona mara moja kwamba karatasi ya Bach haikuwa wazo jipya. Jipya lilikuwa lile lililoandikwa juu yake, na hilo halikutoka kwa mchoraji.

Bach alikuja Leipzig mwaka 1723 kuwa kantori, yaani mwalimu wa muziki na kiongozi wa kwaya, wa shule ya Mtakatifu Thomas na msimamizi wa muziki wa makanisa makuu ya mji. Mwaka 1746 alikuwa na umri wa miaka 61. Picha inamwonyesha mtu mnene, mashavu yenye damu, kidevu kizito kinachofanya kidevu cha pili, nyusi zimekunjamana, mdomo umefungwa kama wa mtu aliyekwisha kusema alilotaka kusema. Amevaa wigi jeupe, koti la rangi ya giza lenye vifungo vingi, na shati jeupe linalotokeza shingoni na kwenye kiwiko cha mkono.

Kwa nini alichorwa? Maelezo yaliyozoeleka yanahusu chama cha wasomi wa muziki kilichoanzishwa mwaka 1738 na Lorenz Christoph Mizler, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wa Bach. Mtunzi Telemann alikuwa mwanachama, mtunzi mwenzake Handel alikuwa mwanachama wa heshima, na Bach akajiunga mwezi Juni 1747, akiwa mtu wa 14. Kanuni za chama zilimtaka kila mwanachama atoe picha yake iliyochorwa kwenye kanvasi. Maelezo haya yanaingiana vizuri na karatasi iliyo mkononi mwa Bach, kwa sababu muziki ulioandikwa humo ndio ule ule aliouwasilisha kwa chama hicho. Hata hivyo tarehe zinasumbua kidogo: picha ina mwaka 1746, na uanachama ni wa 1747. Inawezekana Bach alijiandaa mapema, na wengi wanaamini hivyo. Mimi pia naona ndiyo njia iliyonyooka zaidi, ila msomaji ajue kwamba hiyo ni hitimisho la wachunguzi. Hakuna risiti iliyobaki inayosema hivyo.

Karatasi iliyo mkononi

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana ndiyo sehemu ya picha inayozungumza kwa sauti ya Bach mwenyewe.

Karatasi ni ndogo, imeshikwa kwa vidole, na imeelekezwa kwetu sisi tunaotazama; Bach akiitupia jicho ataiona juu chini. Kichwa chake kinasema kwamba hii ni kanoni (muziki ambao sauti moja hufuatwa na kuigwa na nyingine) ya aina tatu kwa sauti sita, na jina la mtunzi limetajwa. Lakini mistari ya muziki ni mitatu tu: mmoja wa alto, mmoja wa tenori, mmoja wa besi, yote mifupi. Sauti tatu nyingine hazijaandikwa. Anayetazama ndiye anayepaswa kuzitafuta.

Mwanakwaya aliyezoea kuimba kwa sol-fa anaweza kuanza na besi. Noti zake ni nane: do, ti, la, so, kisha mi, fa, so, do, zikishuka kwanza na kurudi nyumbani mwishoni. Ni noti zile zile nane za mwanzo ambazo juu yake Bach alijenga tungo zake kubwa za kinanda zilizochapishwa mwaka 1741, zinazojulikana sasa kwa jina la Goldberg. Siri ya kanoni ni kwamba kila mstari ulioandikwa una mwenzake anayeingia akiwa amechelewa kidogo na ambaye amepinduliwa: pale wa kwanza anaposhuka hatua moja, wa pili anapanda hatua moja, pale wa kwanza anaporuka juu, wa pili anaruka chini kwa kiasi kile kile. Kwa kufanya hivyo kwa mistari yote mitatu, sauti sita zinasikika pamoja bila kugombana.

Kwa zaidi ya karne mbili watu waliiona kanoni hii kuwa fumbo lililosimama peke yake. Mwaka 1974 nakala binafsi ya Bach ya tungo za Goldberg ilipatikana Strasbourg, na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wake, zilikutwa kanoni 14 zilizojengwa juu ya noti zile nane. Ya kumi na tatu ndiyo hii ya kwenye picha. Hivyo Bach hakumpa Haussmann kipande cha kupamba mkono. Alichagua tunda moja kutoka katika kazi iliyomshughulisha kwa muda mrefu, akaliweka mbele ya kifua chake kama kitambulisho.

Kwa mchunguzi wa nakala, karatasi hii ina faida nyingine. Mchoraji anaweza kukosea pua bila mtu kugundua, lakini noti ikihama nafasi moja kwenye mistari, kanoni inavunjika na kosa linaonekana. Kwa hiyo katika kila nakala ya picha hii, jambo la kwanza la kuuliza ni iwapo muziki bado unaimbika. Mnakili asiyejua noti hujisaliti hapo kabla hajajisaliti machoni au mdomoni.

Jinsi nakala zilivyotengenezwa

Msomaji wa leo husikia neno nakala akafikiria kitu kilichopungua thamani, pengine hata udanganyifu. Katika karakana za wachoraji wa zama za Baroki (karne ya 17 na mwanzo wa ya 18), nakala ilikuwa sehemu ya kawaida ya biashara, na mteja aliilipia akijua anachonunua. Mtu akichorwa vizuri, familia ilitaka picha ya kubaki nyumbani, mwajiri au chama kilitaka yake, na mtoto aliyehamia mji mwingine aliomba ya kwenda nayo. Hyacinthe Rigaud, mchoraji mkubwa wa Paris, aliacha madaftari ya hesabu ambamo picha za asili na nakala zimeandikwa mwaka kwa mwaka pamoja na bei zake, na wasaidizi wake wamelipwa kwa kazi walizofanya: huyu nguo, yule mandhari, mwingine nakala nzima. Jijini London, karakana ya Peter Lely ilikuwa na mikao yenye namba, na mteja aliweza kuchorwa kwa mkao wa namba fulani.

Ndiyo maana ni lazima kutenganisha vitu vitatu ambavyo neno moja, nakala, linavifunika. Kuna picha ambayo mchoraji mwenyewe aliirudia kwa mkono wake, akiwa na picha ya kwanza mbele yake au akiwa na michoro aliyoihifadhi, na pengine mteja akiwa bado hai na karibu. Kuna picha iliyofanywa na wasaidizi ndani ya karakana, bwana akipita kusahihisha uso na mikono. Na kuna picha iliyochorwa na mtu wa nje, labda miaka 40 baadaye, ambaye hakuwahi kumwona aliyechorwa wala kuingia katika karakana ile. Zote ni nakala. Lakini ya kwanza iko karibu na chemchemi, na ya tatu iko mbali.

Wachunguzi hutumia ishara kadhaa kuzitenganisha. Mchoraji anayetafuta mkao kwa mara ya kwanza husita: anahamisha kidole, anapunguza bega, anabadilisha ukingo wa wigi, na masahihisho hayo hubaki chini ya rangi ambako miale ya eksirei inaweza kuyaonyesha. Mnakili hana cha kutafuta, kwa hiyo mistari yake huwa na uhakika unaoshukiwa. Ila ishara hizi hazitoshi peke yake, kwa sababu bwana anayejirudia naye huwa na uhakika. Hapo ndipo sahihi, mwaka, ubora wa brashi na historia ya umiliki huingia kushuhudia.

Picha ya 1748 ina sahihi ya Haussmann na mwaka wake, na ubora wake unalingana na sahihi hiyo. Ni nakala ya aina ya kwanza, ya mkono wa mchoraji mwenyewe. Bach alikuwa na miaka 63 na aliishi katika mji ule ule. Hilo, kwangu, ni jambo zito.

Picha ya 1746 na mikono iliyoipitia

Picha ya kwanza ilipata mahali pa heshima na matunzo haba. Mwaka 1809 August Eberhard Müller, ambaye wakati huo alikuwa kantori wa Mtakatifu Thomas kama Bach alivyokuwa, aliikabidhi kwa shule. Ikatundikwa shuleni, mahali penye wavulana, vumbi, moshi wa majiko na baridi ya Saksonia. Rangi ikaharibika. Katika karne ya 19 ilikarabatiwa zaidi ya mara moja, na ukarabati wa zama hizo haukuwa na staha tunayoidai leo: palipochubuka palipakwa upya, na mkarabati aliona ni wajibu wake kuikamilisha picha kwa namna alivyoona yeye inafaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 tabaka hizo ziliondolewa na picha ikahamia makumbusho ya jiji. Kilichoonekana chini yake kilikuwa cha Haussmann, lakini kilikuwa kimechakaa, na rangi iliyokwisha kuanguka hairudishwi kwa kusafishwa.

Athari za hali hiyo zilifika mbali kuliko ukuta wa shule. Mwaka 1894, makaburi yaliyo karibu na kanisa la Mtakatifu Yohana yalipochimbwa, mabaki yaliyosadikiwa kuwa ya Bach yalichunguzwa na Wilhelm His, profesa wa anatomia. Mchongaji Carl Seffner alifinyanga uso juu ya umbo la fuvu ili kuona kama unalingana na picha zilizojulikana. Miongoni mwa picha hizo ilikuwamo ile ya Haussmann, ambayo wakati huo ilikuwa bado imebeba rangi za wakarabati. Sisemi kwamba matokeo yao yalikuwa ya makosa. Ninachosema ni kwamba uso uliotumika kama kipimo haukuwa wa Haussmann peke yake. Seffner huyo huyo ndiye aliyetengeneza sanamu kubwa ya Bach iliyosimamishwa kando ya kanisa la Mtakatifu Thomas mwaka 1908, na umati wa wageni hupiga picha mbele yake kila siku.

Wapo pia wanaohesabu vifungo vya koti, wakapata 14, wakakumbusha kwamba herufi za jina Bach zikihesabiwa kwa nafasi zake katika alfabeti hutoa 2, 1, 3 na 8, jumla 14, na kwamba Bach aliingia katika chama cha Mizler akiwa wa 14. Hesabu ya jina ni sahihi na inawezekana Bach aliifurahia. Kuijenga juu ya vifungo, hata hivyo, ni kujenga juu ya rangi ambayo katika picha moja kati ya mbili imekarabatiwa mara kwa mara, na juu ya koti ambalo mchoraji alilipanga kwa mazoea ya kazi. Mimi nisingeliwekea uzito wowote.

Picha ya 1748 na bahati yake

Picha ya pili ilikwenda njia nyingine kabisa, na njia hiyo iliiokoa. Carl Philipp Emanuel, mtoto wa pili wa kiume wa Bach kati ya wale waliofikia utu uzima, alikusanya mamia ya picha za wanamuziki akiwa Hamburg. Orodha ya mali aliyoiacha, iliyochapishwa mwaka 1790, inataja picha ya baba yake ya rangi za mafuta, kazi ya Haussmann, ikiwa na fremu ya dhahabu. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba hiyo ndiyo picha ya 1748. Kuna pengo kati ya orodha ile na mahali picha ilipoibukia, nami sioni haja ya kulificha: baadaye tunaikuta kwa familia ya Jenke ya Breslau, mji ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland. Katika familia hiyo ilikaa vizazi kadhaa, ukutani mwa nyumba ya watu binafsi, mbali na wavulana wa shule na mbali na wakarabati.

Katika miaka ya 1930 Walter Jenke aliikimbia Ujerumani ya Wanazi akaenda Uingereza, na picha akaenda nayo. Wakati wa vita aliiacha kwa rafiki zake mashambani Dorset ili isipatwe na mabomu, na mtoto wa nyumba hiyo akakua akipita mbele ya uso wa Bach kila siku. Mtoto huyo ni John Eliot Gardiner, ambaye baadaye aliongoza kantata za Bach duniani kote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilinunuliwa na William Scheide wa Princeton, Marekani, mtu mwenye mali aliyekuwa pia mwanamuziki na mchunguzi wa Bach. Ilikaa sebuleni kwake kwa zaidi ya miaka 60. Scheide alifariki Novemba 2014 akiwa na umri wa miaka 100, na kwa wosia wake picha ikaenda kwa Bach-Archiv. Juni 2015 ilipokewa Leipzig, wakati wa tamasha la Bach, katika kanisa la Mtakatifu Nikolai, mojawapo ya makanisa ambayo Bach aliyahudumia.

Tuangalie matokeo ya safari hiyo. Picha iliyobaki mjini mwake, chini ya ulinzi wa taasisi, ndiyo iliyoharibika. Picha iliyotangatanga, ikauzwa, ikavuka bahari mara tatu na kupitia katika nyumba za watu binafsi, ndiyo iliyofika salama. Tofauti haikutokana na umbali. Ilitokana na idadi ya watu waliojiona wana haki ya kuigusa.

Nakala za watu wengine

Baada ya Haussmann wakaja wanakili wengine. Mwaka 1774 Samuel Gottlob Kütner alichapisha mchongo wa bamba la shaba uliofuata picha ya Haussmann, na kwa karatasi hizo uso wa Bach ukaanza kuingia katika nyumba ambazo zisingeweza kununua kanvasi. Mwaka 1791 Johann Marcus David alichora nakala ya mafuta. Johann Philipp Kirnberger, mwanafunzi wa Bach aliyefanya kazi Berlin, naye alikuwa na picha ya mwalimu wake ukutani, na kisa chake kilisimuliwa na mwanamuziki Carl Friedrich Zelter katika barua kwa rafiki yake, mshairi Goethe.

Zelter anasema kwamba mfanyabiashara wa kitani kutoka Leipzig alimtembelea Kirnberger, akaiona picha, akasema kwa mshangao kwamba hata wao kule Leipzig wanaye huyo kantori wao, yuko shuleni kwa Mtakatifu Thomas. Wanasema alikuwa mtu mkali, na mpumbavu yule mwenye majivuno alithubutu hata kuchorwa akiwa na koti la mahameli! Kirnberger aliinuka polepole, akaenda nyuma ya kiti chake, akanyanyua mikono yote miwili, akaanza kwa sauti ya chini kisha akaipandisha: mbwa atoke, atoke mbwa huyu! Mgeni akanyakua kofia na fimbo akakimbilia barabarani. Kirnberger akaamuru picha iteremshwe na kufutwa vumbi, kiti cha mgeni kioshwe, na picha irudishwe mahali pake ikiwa imefunikwa kwa kitambaa.

Kisa hiki kinapendwa, na ninakipenda, lakini tukitumie kwa uangalifu. Zelter aliandika miaka mingi baada ya Kirnberger kufariki mwaka 1783, na anamfanya mfanyabiashara aseme kwamba picha ilikuwa shuleni, wakati Müller aliikabidhi kwa shule mwaka 1809. Ama picha ilikuwa shuleni mapema kwa namna fulani, ama Zelter alichanganya alichokijua katika siku zake na alichokisikia. Naegemea upande wa pili. Kinachobaki imara ni jambo dogo na la thamani: mwanafunzi aliyemjua Bach, aliyekaa naye na kumsikiliza, alikubali kuishi na picha ya aina hii mbele ya macho yake na kuitetea kama mtu anayemtetea mzazi. Huyo hakuwa mtu wa kuvumilia sura isiyofanana.

Nakala hizi za watu wa nje hazitufundishi jinsi Haussmann alivyoshika brashi. Thamani yake iko kwingine. Nakala iliyochorwa mwaka 1791 ilichorwa kabla ya wakarabati wa karne ya 19 hawajafika, kwa hiyo inaweza kutuambia nini kilionekana wakati huo ambacho baadaye kilifunikwa au kupotea. Pale nakala ya zamani inapokubaliana na picha ya 1748 na kutofautiana na ile ya 1746, tuna sababu nzuri ya kuamini kwamba iliyohama ni ya 1746.

Kupima uzito

Katika kupima mashahidi wa namna hii, naona maswali matatu yanatosha, na mwaka ulioandikwa kwenye kanvasi sio la kwanza kati yake. Nani alishika brashi? Alikuwa anatazama nini? Na uso huo umepatwa na nini tangu rangi ilipokauka? Kwa swali la kwanza picha zote mbili zina jibu moja, Haussmann. Kwa swali la pili, ile ya 1746 iko mbele, kwani mkao ulitafutwa hapo, Bach akiwa amekaa au amesimama mbele ya mchoraji. Ile ya 1748 yawezekana ilitegemea ya kwanza, ingawa mtu mwenyewe alikuwa bado akipita katika mitaa ile ile ambayo mchoraji alipita. Kwa swali la tatu, ile ya 1748 iko mbele kwa umbali mkubwa. Kwa hesabu yangu jibu la tatu linazidi la pili, kwa sababu faida ya picha ya 1746 ilikuwa ndani ya rangi yake, na rangi hiyo ndiyo iliyopotea.

Hili halimaanishi kwamba ya 1746 iwekwe ghalani. Bila hiyo tusingejua kwamba mkao ulibuniwa Bach alipokuwa na miaka 61, kabla ya kuingia katika chama, wala tusingekuwa na kitu cha kupimia uaminifu wa Haussmann alipojirudia. Ya kwanza inatupa mwaka na tukio. Kwa ngozi iliyo chini ya macho, kwa wekundu wa shavu, kwa kope zinazofanya macho yaonekane madogo kidogo, nitaiamini ya pili. Macho hayo yana uzito wa pekee kwa anayejua yaliyofuata: mwaka 1750 Bach alifanyiwa upasuaji wa macho mara mbili na tabibu msafiri kutoka Uingereza, John Taylor, hakupata nafuu, na kabla ya Agosti alikuwa amefariki.

Leo, kutoka jengo la zamani la halmashauri hadi Bosehaus ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Anayepata nafasi ya kufika Leipzig aanze na picha ya kwanza, aitazame karatasi mpaka aweze kuimba besi kimoyomoyo, do, ti, la, so, mi, fa, so, do, kisha avuke mtaa na kuziimba tena noti nane zile zile mbele ya picha ya pili, kabla hajainua macho kuutazama uso.